Mhogo Ulioitwa Mgeni

Shina la kwanza lilitoka kirahisi mno, na Mgeni akajua kuna jambo. Mhogo uliokaa ardhini mvua mbili haung'oki kwa mkono mmoja. Unabishana nawe, unakutoa jasho, mwishowe unakuangusha matako chini. Huu ulikuja wenyewe, kama uliochoka kungoja. Kwa nje mihogo yake ilikuwa minene, ila hapa na pale ilikuwa imebanwa kama kifundo cha mkono wa mtoto mnene. Akauvunja mmoja gotini. Ndani, palipostahili kuwa peupe, palikuwa na madoa ya kahawia, makavu, magumu kama gome. Akauvunja wa pili, ukawa vilevile. Wa tatu ulikuwa mbaya zaidi.

Akahamia tuta la juu, akashuka la chini, akaenda mpaka ukingoni ambako shamba linaanza kuteremkia bonde la Ruvuma. Kila alipong'oa alikuta uozo uleule. Alitukana kwa Kimakonde, kwa sababu Kiswahili hakikumtosha. Mumewe, Nassoro, aliyekuja na matenga ya kubebea mavuno, alisimama pembeni na matenga yake matupu, hajui ayatue au aendelee kuyashika.

"Labda ni upande huu tu," Nassoro akasema.

"Upande gani, Baba Safina? Shamba zima nimelizunguka. Labda umebaki upande wa mbinguni."

"Tukikata palipooza, pengine kinabaki kitu."

"Kata. Ukimaliza kukata niite, nije nile hewa."

Shamba lile ndilo lililokuwa tumbo la nyumba yao. Mgeni alikuwa ameliacha makusudi mpaka kiangazi kikolee, ang'oe yote kwa pamoja, amenye, aanike juu ya paa iwe makopa, ayatie kwenye viroba. Hayo makopa ndiyo ugali wa miezi ile mibaya ya mvua, wakati kila kitu ni kijani na hakuna kilichoiva, na mtu mzima anapita mbele ya jiko la jirani akijifanya hanusi. Mikorosho ilikuwepo, lakini korosho haisongwi ugali. Mgeni alikuwa amelima miezi yote hiyo ili mwaka huu asipite mbele ya jiko la mtu. Sasa alikuwa amekaa katikati ya chakula chake, na hakuna cha kula.

"Ni Farida," akasema.

Nassoro akayatua matenga. Farida ni dada yake, tumbo moja.

"Dada yako ndiye aliyenipa mbegu hii," Mgeni akaendelea. "Amenipa mgonjwa, nikamlaza shambani kwangu, nikamlisha. Nipe hicho kiroba."

Akatia kirobani mhogo ulio mbaya kupita yote, akajifunga kanga ya pili kiunoni, akatoka barabarani kumtafuta Sudi wa bodaboda. Nassoro hakumzuia. Alimjua mkewe; hasira zake zikishafungwa kanga ya pili hazirudi nyumbani kabla hazijafika zinakokwenda.

Habari yenyewe ilianza hivi. Farida anaishi Likombe, pembezoni mwa Mtwara mjini, na ana karai lake la mafuta barabarani ambako anakaanga mihogo na kuwauzia vibarua wa bandarini na madereva wa malori ya korosho. Nyuma ya nyumba ana kishamba chake. Mgeni alikwenda huko kwenye hitima ya baba mkwe, akapewa mhogo wa kuchemsha, akashangaa. Mhogo ulikuwa mweupe, laini, umepasuka wenyewe sufuriani. Akaomba mbegu. Katika nchi ile mbegu ya mhogo haiuzwi, haifichwi, na mtu hanyimwi. Anayenyima mbegu ya mhogo anasemwa mpaka kwenye mazishi yake. Kabla mvua hazijaanza Farida akaifungafunga miti ya mhogo, akaipakia kwenye kirikuu, gari dogo lililokuwa linakuja kuchukua samaki, na miti ikafika kijijini Namtende salama na macho yake ya kuchipukia yamejaa.

Pamoja na miti ilikuja simu. "Wifi, mzigo umeuona? Haya. Ila huu haukai, wifi. Nakwambia mapema."

Mgeni alikata simu akiwa ameudhika. Mhogo gani unakaa? Ung'oe leo, kesho kutwa una mistari ya buluu, siku ya nne hata mbuzi anaukataa. Hilo analijua mtoto wa miaka sita. Yeye Mgeni alishika jembe kabla hajavunja ungo, halafu mtu anayekaanga mihogo mjini, anayelima mahali panapotosha kuanika godoro, ampigie simu kumfundisha kwamba mhogo haukai. Aliisimulia simu ile kijijini kwa wiki nzima, akiigiza na sauti ya Farida, na watu walicheka sana.

Na aliupanda kwa haki, asije mtu akasema kosa lilikuwa la mkono wake. Alikata pingili za urefu wa shibiri, macho yakitazama juu, maana ukilipindua jicho mti unachelewa na kukuchukia. Akazilaza kwa mshazari kwenye matuta. Kati ya matuta akapanda kunde, kupata mboga wakati mhogo ukijivuta.

Kunde ina adabu ya mbegu. Inakunywa maji, inavimba, ganda linapasuka, na mzizi unatangulia kwenda chini kabla ya chochote kwenda juu. Kisha shingo inachomoza imeinama, inajinyoosha, na imebeba yale mapande mawili mazito, chakula cha safari alichoifungia mama yake. Chakula hicho kinapoisha, majani ya kweli yameshafunguka na yameshika kazi. Mhogo hauna adabu hiyo. Mbegu unazo, lakini hakuna mwenye akili timamu anayezipanda. Unapandwa mti. Pingili inalala udongoni, jicho linavimba, chipukizi linatoka, na pale kwenye kidonda cha panga mizizi inachomoza. Mwanzoni unakula akiba iliyomo kwenye kijiti chenyewe. Majani yakifunguka ndipo yanaanza kupika kwa jua na kushusha chini kilichopikwa. Mizizi yote ni myembamba kwanza, yote inatafuta maji. Halafu baadhi yake inaacha kutafuta, inaanza kupokea na kuweka, na hiyo ndiyo inayonenepa mpaka ardhi inapasuka juu yake.

Mgeni aliyaona yote hayo yakienda sawasawa, akapalilia, akapandishia udongo, akachuma kisamvu kwa kiasi ili asiinyime mizizi chakula. Yote sawa, isipokuwa jambo moja ambalo anayepanda mti badala ya mbegu haruhusiwi kulisahau. Pingili si mtoto wa mhogo. Ni mhogo uleule, umehama. Kunde inapoanza maisha inaacha nyuma mengi ya mama yake. Pingili inahama na vyombo vyote, utamu wa mama na maradhi ya mama. Bwana shamba alishawahi kulisema hilo kijijini, kuhusu ule ugonjwa wa michirizi ya kahawia unaoozesha ndani huku majani yanacheka, na Mgeni alikuwepo siku hiyo, mstari wa mbele. Baadaye alipoona majani ya chini ya mhogo wake yana umanjano pembeni ya mishipa, alisema ni uzee wa majani.

Siku ya Idi iliyofuata aling'oa mashina machache ya ukingoni, akapika, akawagawia majirani. Kijiji kizima kikaja na visahani. Mhogo mmoja alipoumenya ulikuwa na kidoa cha kahawia, kidogo sana. Alikikata kwa kisu, akawatupia kuku, akaendelea kumenya.

Sasa, kwao Namtende mbegu inaitwa jina la aliyeileta. Kuna mhogo unaoitwa Mustafa. Mustafa mwenyewe amekufa siku nyingi, wajukuu zake hawamjui sura, lakini kila siku kuna nyumba inamchemsha. Hii si heshima ndogo. Majirani walipokwisha kula siku ile, Bi Hadija wa ng'ambo ya njia akauliza, "Huu tuuiteje?" akajijibu mwenyewe, "Tuuite Mgeni." Wakacheka, maana jina lilikaa mara mbili: mhogo ulikuwa mgeni kijijini, na aliyeuleta ni Mgeni. Mgeni angeweza kusema pale pale kwamba mwenye mbegu ni Farida. Hakusema. Aliinamisha uso kama bibi harusi, akaongeza chumvi kwenye sufuria.

Mvua zilipokaribia akakata matawi ya shamba lake zima, akayaacha mashina na mizizi ardhini, akagawa. Alimpa kila aliyeomba, na wengine hawakuomba. Aliwafundisha na namna: msiwe na pupa, mwacheni Mgeni akae, ardhi ndiyo ghala lake. Binti yake Safina, aliyeolewa mwaka ule na kupewa shamba lake la kwanza, hakupanda kitu kingine chochote.

Haya yote Mgeni hakuyafikiria njiani kwenda Likombe. Alichofikiria ni maneno atakayosema, na alikuwa na mengi. Sudi alijaribu kumzungumzisha juu ya bei ya mafuta, akapata jibu moja mpaka mjini.

Farida alikuwa barabarani kwake, anageuza mihogo kwenye karai. Vibarua wawili wa bandarini walikuwa wamekaa kwenye benchi wakila. Mgeni alishuka kwenye bodaboda, akaja moja kwa moja, akautoa mhogo kirobani na kuutua mezani, katikati ya sahani ya pilipili na bakuli la kachumbari.

"Hata salamu, wifi?" Farida akasema.

"Salamu yangu hiyo hapo. Ivunje uione ndani."

Farida akafuta mikono, akauvunja mhogo, akautazama. Hakushtuka, na hilo ndilo lililomchemsha Mgeni kuliko yote.

"Umeuchelewesha," Farida akasema.

"Nimeuchelewesha?"

"Nilikwambia haukai."

"Ulisema haukai. Nani hajui? Ukishang'olewa mhogo gani unakaa?"

"Nani alitaja kung'oa, wewe?" Farida akaviweka vipande mezani. "Haukai ardhini. Ukishatia mizizi minene tu unang'oa. Mimi wangu nautoa bado mdogo, unakaangika, wateja wanaupenda hivyo. Ukiuacha upite kiangazi unaoza. Ndiyo nilichokupigia simu kukwambia, na wewe ukanikatia."

Neno lile Mgeni alikuwa amelibeba miezi yote hiyo kwa upande wake wa dhihaka, na sasa lilimgeukia na upande wake wa pili. Lilimpiga, lakini hasira haikubali kupigwa mara moja ikakaa chini.

"Kwa hiyo ulijua unaoza, ukanipa."

"Nilijua ukichelewa unaoza. Nilidhani ndiyo tabia yake. Kuna mihogo ya namna hiyo."

"Tabia ni ya mtu, Farida. Huu ni ugonjwa. Umo kwenye mti, umenifungia kwenye kirikuu ukanipelekea nyumbani kwangu. Nitasema kwa kila mtu. Nitasema nyumba yangu inalala njaa kwa mbegu ya Farida."

Mmoja wa vibarua aliacha kutafuna. Farida alizunguka karai, akasimama mbele yake. Alikuwa mfupi, lakini alisimama kama mtu aliyeingoja siku hii.

"Mbegu ya Farida," akasema. "Leo ndiyo mbegu ya Farida. Unajua wenye magari ya samaki wananiambia nini hapa? Wananiambia kule kwenu kuna mhogo mtamu, unaitwa Mgeni. Nikauliza, Mgeni gani huyo? Wakasema mke wa Nassoro, ana mkono wa baraka. Nikanyamaza. Nikasema ni wifi yangu, acha ale sifa. Mwaka mzima ulipokuwa mtamu ulikuwa Mgeni. Umeoza, umekumbuka njia ya Likombe."

Vibarua walicheka, kisha wakaona si mahali pa kucheka. Mgeni aliona aibu, na aibu ikamwongezea hasira, na hasira haikuwa na pa kwenda kwa sababu kila alipoielekeza ilikuta Farida amesema kweli.

"Na hilo jina," Farida akasema, sasa polepole zaidi, "mtu hapewi bila kugawa. Umempa nani?"

Mgeni akatazama karai. Mafuta yalikuwa yanaunguza mihogo na hakuna aliyeigeuza.

"Mgeni. Umempa nani mwingine?"

"Kila mtu," Mgeni akasema. "Safina pia."

Farida hakusema pole. Aliitoa mihogo iliyoungua, akaimwaga pembeni. "Iliyopandwa mvua iliyopita bado," akasema. "Hiyo haijafika kuoza, au ndiyo inaanza. Waambie wang'oe sasa hivi, wale kinacholika, waanike kinachoanikika. Ni midogo, ndiyo, lakini ni chakula. Wakiingoja ikue wataipata kama huo wako. Na miti yote ichomwe, asibakize mtu hata pingili. Mimi ya kwangu nang'oa leo, biashara basi. Nenda, unanipotezea muda hapa."

Mgeni akapanda bodaboda. Hakushukuru, na hata leo hajashukuru.

Njiani alikuwa na hasira bado, lakini sasa ilimkaa yeye mwenyewe, na hasira ya namna hiyo haina raha ile ya kumtafuta mtu. Alijichukia kwa kidoa alichowatupia kuku. Alijichukia kwa simu aliyoikata. Zaidi ya vyote alijichukia kwa namna alivyoinamisha uso siku ya Idi na kuongeza chumvi. Alimwambia Sudi asimpeleke nyumbani, ampitishe kwa binti yake.

Safina alikuwa shambani na mumewe Ayubu, wanapalilia kwa mara ya mwisho. Tumbo la Safina lilikuwa limeanza kuonekana chini ya kanga. Shamba lao lilikuwa zuri kuliko yote kijijini, majani mapana, mashina yamesimama sawa, ardhi imeanza kupasuka kidogo kwenye matuta. Mama mtu alipoliona, akatamani Farida awe mwongo.

"Ng'oeni," akasema.

Safina akadhani utani. Mama yake alipoeleza, akadhani mama anaumwa. "Mama, wewe mwenyewe ulisema tusiguse. Ulisema mwacheni akae. Uliniambia hapa hapa nilipo, ukanitishia kunipiga nikichimba hata mmoja."

"Nilisema. Sasa nasema ng'oeni."

"Tutakula nini ikifika mvua?"

"Hiyo hiyo midogo. Mkiiacha mtakula nilichong'oa mimi leo. Hata kuku hawali."

"Mama," Ayubu akasema kwa heshima, macho chini, kama mkwe anavyopaswa, "tungengoja hata mwezi mmoja, tuone."

Mgeni aliingia kwenye tuta la kwanza, akashika shina, akaling'oa. Mihogo ilitoka midogo, ya unene wa mpini wa jembe. Akauvunja mmoja, ukawa mweupe kabisa. Akauvunja wa pili, mweupe vilevile, unatoa maji matamu. Safina akaja akaokota vipande, akaviangalia, akaanza kulia kwa uchungu wa kweli, kwa sauti ya mtu aliyeharibiwa kitu chake machoni pake.

"Mzima huu. Mzima kabisa. Umeniulia shamba langu kwa sababu lako limeoza."

Lilikuwa neno baya la kumwambia mama, na mama alilipokea, kwa sababu asubuhi ile ile alikuwa amekwenda kulisema kwa mtu mwingine karibu kwa maneno hayo. Akang'oa shina la pili. Mihogo myeupe. Akang'oa la tatu, na mle ndani ya mhogo wa tatu kulikuwa na kidoa cha kahawia, si kikubwa kuliko punje ya ulezi.

"Ni hicho tu?" Safina akauliza.

"Ni hicho tu," Mgeni akasema. "Hicho ndicho nilichokiona mimi siku ya Idi."

Safina akajifuta uso kwa ncha ya kanga na kumwambia Ayubu alete tenga.

Kabla ya alasiri kwisha Mgeni alikuwa kwa Isihaka, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ana kipaza sauti cha mkononi anachopita nacho kutangaza mikutano, chanjo na misiba. Isihaka alikuwa mtu mpole, asiyependa kumuudhi mpiga kura. Alisikiliza mpaka mwisho, na yeye mwenyewe alikuwa na matuta yake ya mhogo huo, kwa hiyo alisikiliza vizuri.

"Nitatangaza," akasema. "Kesho asubuhi, kabla watu hawajatawanyika. Nitasema ule mhogo uliotoka Likombe ung'olewe."

Mgeni alitamani kukubali. Ilikuwa njia nzuri, imefunguliwa mbele yake bila hata kuomba. Uliotoka Likombe, maana yake uliotoka kwa Farida, na jina lake yeye lingebaki sufuriani na Mustafa.

"Nani anaujua mhogo wa Likombe hapa?" akasema. "Watu watasikiliza, watasema hauwahusu, watakwenda zao kwenye korosho. Hapa unaitwa Mgeni. Tangaza Mgeni."

"Mama Safina, jina la mtu. Tunaweza kusema kwa namna nyingine."

"Mwenyekiti, kuna namna gani nyingine? Wenye mbegu tatu shambani watajuaje waung'oe upi? Useme Mgeni, useme mara mbili, na useme miti yake ichomwe. Na ukiogopa kusema, nipe hicho kipaza sauti niseme mwenyewe."

Isihaka alisema. Asubuhi iliyofuata Namtende nzima ilisikia, nyumba kwa nyumba, kwamba Mgeni ni mgonjwa, kwamba asiachwe ardhini, kwamba ang'olewe leo na asipewe mtu, wa hapa wala wa kijiji jirani. Wapo waliocheka. Wapo waliokuja mlangoni kwake kutukana, na aliwajibu, maana hakuwa amekuwa malaika. Mzee mmoja alimwambia kwamba alimwamini kwa sababu ya sifa zake, na huyo tu alimwambia ni kweli. Kisha akawapeleka wote shambani kwake, akawavunjia mhogo mbele ya macho yao, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakaacha kubishana na kwenda kuchukua majembe.

Mchana moshi ulikuwa umeanza kusimama huku na huku. Mgeni alikuwa kwenye shamba lake mwenyewe, anarundika miti kwa ajili ya kuchoma. Ilikuwa bado na majani mazuri, na kila mti aliourusha kwenye rundo aliurusha kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nassoro alikuwa upande wa pili, anang'oa mashina, anatafuta vipande vya kuokoa, havipatikani, anaendelea kutafuta. Hapakuwa na la kusema ambalo lingegeuka ugali.

Ng'ambo ya njia, Bi Hadija alikuwa shambani kwake na wajukuu zake wakubwa. Yeye alipanda mbegu mbili kwa kuchanganya, na wajukuu hawakuweza kuzitofautisha. Walikuwa wanashika kila shina lililo mbele yao. Sauti yake ilivuka njia, kali, ya mtu aliyechoka na aliyepoteza chakula.

"Mgeni!"

Mgeni akanyanyuka na mti mkononi, akageuka upande ule. "Abee," akaitika.

Hakuna aliyemtazama. Bi Hadija alikuwa amewapa mgongo, anawaonesha wajukuu kwa kidole, shina baada ya shina, lipi la kung'oa.